Siku Nilipoweka Rimoti Chini

Droni yetu ilikata mtu kabla haijaruka hata mara moja. Ilikuwa juu ya meza ya maabara, imefungwa kwa kamba za katani isiende popote, na fundi wetu alikuwa anahangaika na mota ya nne, ambayo tangu asubuhi ilikuwa inagoma. Anaiwasha, inagoma. Akainama atazame waya, akapitisha mkono pale ambapo haukupaswa kupita, na ile mota ikachagua wakati huo huo kuamka. Nilisikia mlio wa kitu kikavu kinachopasuka, mara moja tu. Fundi akasema "aisee" kwa sauti ya kawaida kabisa, akatazama kidole gumba chake, kisha akakaa sakafuni.

Mwalimu wetu wa fizikia alimfunga kwa leso, akampakia kwenye bodaboda, wakaenda kushonwa. Kesho yake fundi alirudi na kidole kilichofungwa bandeji nene, anacheka, anaonyesha kila mtu. Wenzangu nao wakacheka. Mimi nilibaki naitazama ile meza, maana damu ilikuwa imeingia kwenye ufa wa mbao na haikutoka, na rubani wa kile kitu nilikuwa mimi.

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi ni mwoga. Nilikuwa mwoga nikiwa kidato cha tatu, na leo nina kazi, navaa kitambulisho shingoni, na bado ni mwoga. Tukikutana wale wenzangu huwa wanasimulia habari za droni kama wanasimulia harusi. Nawaacha wafurahi. Lakini nikiulizwa mimi nasema ukweli, kwamba miezi ile yote niliogopa kuanzia naamka mpaka nalala, na usingizini pia.

Yalikuwa mashindano ya uhandisi ya shule za sekondari. Waandaaji walimpa kila aliyejiandikisha boksi lenye mota nne, mapanga yake ya plastiki, betri, rimoti na waya chungu nzima. Umbo tulitakiwa tulitengeneze wenyewe, na kazi yake tuitafute wenyewe, mradi iwafae watu wa pale tulipo. Timu yetu ilikuwa ya watu watatu. Fundi mmeshamjua, umbo alilitengeneza kwa mabomba ya antena za televisheni zilizokufa. Wa pili alikuwa mwangalizi, msichana mrefu mwenye macho makali, kazi yake kuangalia upepo, kuandika kila kitu kwenye daftari na kutukosoa. Wa tatu mimi. Nilipewa urubani kwa sababu vidole vyangu havitetemeki, hata nikiwa nimekufa kwa hofu. Ni vidole vya kupunguza miche ya karoti; nimeifanya kazi hiyo tangu nina miaka mitano, na pale ukitetemeka unang'oa mche usiopaswa kung'olewa.

Shule yetu iko juu ya mgongo wa kilima, nje kidogo ya Lushoto. Ng'ambo ya bonde kuna zahanati. Unaiona vizuri tu, unaona hata mashuka yakianikwa, lakini kuifikia ni shughuli: ama ushuke mpaka mtoni, uvuke, upande tena, ama uzunguke na barabara karibu ufike Soni. Mvua kubwa zikiporomosha udongo barabarani, wagonjwa wa kule wanakaa bila dawa huku tunawatazama. Tukasema droni yetu itabeba kiboksi cha bandeji na dawa kutoka kiwanja chetu cha mpira mpaka uani kwa zahanati. Majaji watasimama na sisi upande huu, muuguzi atapokea upande ule. Mwalimu alilipenda wazo hilo kiasi kwamba alitununulia maandazi.

Wenzangu walikuwa wanatazama zahanati. Mimi nilikuwa natazama chini yake. Mteremko wote ule umekatwa matuta ya mboga, na matuta ya katikati, pale pale kwenye njia ya droni, ni ya nyumbani kwetu. Kila siku isipokuwa Jumapili, ukitazama kutoka kiwanjani unamwona bibi yangu pale, ameinama. Kushindwa mashindano hakukuniumiza kichwa hata kidogo. Nilichokiogopa ni kwamba kile kitu kitamwangukia bibi mgongoni, na mkono uliokiangusha utakuwa wangu.

Sasa muijue na ile rimoti, maana ndiyo kesi yenyewe. Ilikuwa na vijiti viwili. Cha kulia kilikuwa na springi. Ukikiachia kinarudi katikati na droni inakaa sawa. Cha kushoto ndicho cha kupandisha na kushusha, na hakikuwa na springi kabisa. Kinabaki pale pale ulipokiacha. Kikisukumwa na kitu kikashuka, droni nayo inashuka, na kikishuka mpaka mwisho, mota zinalala. Haikuwa na akili ya kujitunza hewani kama zile za kununua mnazoziona kwenye sherehe. Bila mikono ya mtu ilikuwa chuma na plastiki juu ya vichwa vya watu.

Kwa hiyo mwalimu alitupa sheria moja, akaiandika ubaoni na kukataza isifutwe: Mikono haitoki. "Rubani akishaipandisha, mikono haitoki kwenye vijiti mpaka mota zimezima," alisema. "Nyuki akikuuma, mikono haitoki. Mkuu wa shule akikuita, mikono haitoki. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Hakuridhika, akaamuru nijaribiwe. Siku nne nzima nilisimama kiwanjani na droni hewani huku fundi akiniimbia sikioni, mwangalizi akinimwagia maji ya mtungi shingoni, darasa zima la kidato cha kwanza likipiga madebe nyuma yangu. Mikono haikutoka. Walinijaribu kwa kila kitu walichoweza kukifikiria.

Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mama na mimi. Mama alikuwa mtu wa soko. Asubuhi anaondoka na matenga yake ya karoti na hoho kwenda Soni, akirudi mimi nimeshakula. Aliyenilea ni bibi, na adabu yangu yote niliipata kwake. Kwa bibi, kumsalimia mkubwa hakukuwa maneno ya mdomoni. Unatua ulichobeba, unaweka chini ulichoshika, unapiga goti, unatoa shikamoo mikono ikiwa mitupu, na unangoja marahaba. Nikiwa darasa la tatu nilimsalimia mzee mmoja, jirani yetu, huku nina mzigo wa kuni kichwani. Shikamoo ya kupita njia. Bibi alikuwa nyuma yangu na hakunipiga. Alinirudisha. Yule mzee alikuwa ameshashuka bondeni, ikabidi nimfuate mpaka mtoni, nitue kuni, nipige goti, nisalimie upya, halafu niupande mlima ule wote na kuni zangu, nalia. Tangu siku ile nikiona mvi magoti yanatangulia na akili inafuata nyuma.

Wiki ya majaji ilipofika nilimkuta bibi jikoni anamenya viazi, nikamwambia Alhamisi asiende shamba.

"Kuna nini Alhamisi?"

"Kile kitu chetu kitapita juu ya shamba."

"Kipite. Nani amekizuia?"

"Kinaweza kuanguka, bibi."

Akaacha kumenya. "Si wewe ndiye unakiendesha?"

"Ndiyo."

"Sasa kitaangukaje?"

Unamjibu nini mtu anayekuamini namna hiyo? Nikaanza kulia. Nina miaka kumi na sita, mrefu kuliko yeye, nalia juu ya maganda ya viazi. Bibi akatikisa kichwa. "Unataka nikae ndani kama mwali," akasema. "Haya. Alhamisi siendi shamba. Futa makamasi hayo, yataingia kwenye viazi."

Usiku ule nililala mpaka asubuhi bila kushtuka. Kichwani mwangu shamba lilikuwa tayari tupu, na shamba likiwa tupu hakuna wa kuangukiwa.

Alhamisi kulikuwa na ukungu. Si ule wa kufunika kila kitu. Huu ulikuwa umejaa bondeni, umekalia mteremko wa kule mpaka karibu na zahanati, na juu yake kweupe, bati la zahanati linang'aa. Majaji walikuwa wawili, bwana mmoja na mama mmoja, na walikuwa na haraka kwa sababu siku hiyo hiyo walitakiwa wafike Rangwi kuangalia shule nyingine. Mwalimu alitazama ukungu, akatazama saa. Mwangalizi akasema upepo ni mdogo, unapanda kutoka Mombo, na kwamba njia ya juu inaonekana. Fundi alikagua waya na kiboksi cha bandeji kwa mkono mmoja, kile kidole kimeinuliwa juu. Mota ya nne iliwaka bila matata, jambo lililonitia wasiwasi zaidi.

Nikaipandisha. Ilitoka kiwanjani ikaingia juu ya bonde, na mimi nikawa nahesabu pumzi kama mwalimu alivyonifundisha. Mwangalizi alikuwa na darubini ya kuazima, ananisemea taratibu: iko sawa, iko sawa, kushoto kidogo, iko sawa. Ilipofika juu ya ukungu wa upande ule ilikuwa imebaki nukta. Chini yake palikuwa ni kwetu. Nikajiambia shamba ni tupu. Nikajiambia tena.

Kisha nikasikia mtu anakohoa karibu yangu, na kikohozi kile nakijua. Bibi alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na viatu vya kanisani, ana mwavuli mkononi, amekuja kumtazama mjukuu wake. Kwa kuwa hakwenda shamba, angekaa ndani afanye nini? Alinizunguka akasimama mbele yangu, uso kwa uso, akingoja haki yake. Watu wote walikuwa wanatazama juu, hakuna aliyemwona.

Nimeulizwa sana kuhusu kilichofuata. Mwalimu ameniuliza, majaji wameniuliza, na mimi nimejiuliza mara nyingi kuliko wote. Sikuamua chochote. Niliinama, nikaiweka rimoti chini kwenye nyasi, taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni sahani, nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Shamba sikwenda, kama nilivyokuahidi," akasema, ameridhika. "Yuko mama yako. Gari la karoti linapita leo."

Hapo ndipo fundi alipopiga kelele: "Mikono!"

Nyasi za kiwanja chetu zilikuwa ndefu, zilikuwa zimekilaza kile kijiti cha kushoto mpaka mwisho. Nilipoinyakua rimoti mwangalizi alikuwa ameshusha darubini. "Imezama," alisema. "Imezama kwenye ukungu, siioni." Nikakisukuma kijiti juu chote. Kutoka ng'ambo, ndani ya weupe ule, ulikuja mlio mkali, mfupi, kama wa mashine ya kusaga iliyopata jiwe. Mwalimu akanipokonya rimoti akazima. Bonde likawa kimya kabisa, nikasikia redio ya mtu fulani kule chini ikitangaza habari.

Nilimtazama bibi, na bibi alikuwa anatazama ukungu, mdomo wazi kidogo. Nikakimbia.

Ile njia ya kushuka mtoni nimeipita maelfu ya mara, na siku ile sikuijua. Udongo ulikuwa umelowa, viatu vya shule havina meno, nilianguka, nikaamka, nikaanguka tena. Kichwani nilikuwa na mlio mmoja tu, ule wa maabara, wa kitu kikavu kinachopasuka. Na chini ya mlio huo kulikuwa na jambo baya zaidi. Nilikuwa nimemlilia bibi, nikamwondoa pale. Karoti haziwezi kujing'oa zenyewe, na gari likipita limepita. Mtoto yeyote wa nyumba ile angejua kwamba bibi asipokwenda, atakwenda mama. Mimi sikulifikiria hilo hata mara moja. Wiki nzima nilimwogopea mtu mmoja, na wa pili sikumkumbuka.

Karibu na mto nilimwona mzee anapanda, yule yule wa zile kuni, sasa amezeeka zaidi, anatembelea fimbo. Njia pale ni nyembamba. Alinipisha, akahamishia fimbo mkono wa kushoto ili wa kulia uwe tayari, akasimama kungoja. Nilimpita. Bega langu liligusa lake. Nyuma yangu nilimsikia akisema kitu kwa Kisambaa, polepole, kwa mshangao zaidi ya hasira, na mimi sikugeuka.

Nilipanda upande wa kwetu kwa mikono na miguu. Ndani ya ukungu huoni hatua kumi mbele. Niliita mama, sauti ikatoka ndogo. Nikaita tena. Nilianza kuona karoti, si zile za kung'olewa, ni vipande vyake, vyekundu, vimetawanyika juu ya tuta lote. Nikasimama.

"Nipo huku," mama akasema.

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa tuta, miguu ameinyoosha, kichwa wazi. Mbele yake kulikuwa na tenga limefunikwa kifudifudi, na juu ya tenga amelaza jiwe. Nilimshika mikono, nikahesabu vidole, nikamshika uso, shingo, mabega. Aliniacha nimshike. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

Alinieleza kwa kifupi. Alikuwa ameinama anajaza tenga, akasikia kitu kimedondoka juu ya karoti, hatua mbili kutoka kichwani pake. Kikatulia. Akakisogelea akitazame, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa akifunike, kwa sababu alijua ni mali ya shule. Ndipo kikaamka. Kikakivuta kitambaa kutoka mkononi, kikakisokota, kikaanza kukata karoti na tenga na kila kilichokuwa karibu. Alikitupia tenga la pili akaruka nyuma.

Nilijua kwa nini kiliamka. Kiliamka kwa sababu mimi niliokota rimoti nikasukuma kijiti juu. Nikamwambia. Nikamwambia yote, pamoja na habari ya bibi na viazi. Mama alisikiliza, akiokota vipande vya karoti na kuviweka pajani kana kwamba vinaweza kuuzwa.

"Bibi yako ulimwambia asije," akasema.

"Ndiyo."

"Mbona mimi hukuniambia?"

Aliuliza bila ukali wowote, alitaka kujua tu.

Jioni, jua likiwa bado liko juu ya miti, yule mzee alikuja nyumbani. Hakuingia ndani. Alisimama uani akamwambia bibi kwamba mjukuu wake amempita njiani kama ng'ombe wa kuchungwa, akaaga, akaenda zake. Nilitoka bila kuitwa. Nilikuwa tayari kurudishwa, hata mpaka mtoni, hata na kuni kichwani, na nadhani ingenipa nafuu. Bibi alikuwa bado na kitenge cha kanisani. Aliniuliza jambo moja.

"Kile kidude ulikiweka chini kwa sababu yangu?"

"Ndiyo, bibi."

Alitazama mikono yake. Kisha akafunga kanga kiunoni. "Nitakwenda mimi," akasema, akamfuata yule mzee njiani kumwomba radhi. Bibi yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba mtu radhi. Niliogopa zaidi kuliko kama angenipiga.

Majaji walikuwa wamesema watapita tena Jumamosi wakitoka Rangwi, kama tutakuwa na cha kuonyesha. Fundi alishinda Ijumaa nzima akinyoosha mabomba na kutoa nyuzi za kitambaa cha mama kwenye mota. Nilimwomba mwalimu aniondoe, nikamwambia ampe mwangalizi rimoti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mwangalizi mikono yake inatetemeka, fundi hana kidole, na kwamba mtu anayejua kitu hicho kinaweza kufanya nini ndiye anayestahili kukishika. Sikupendezwa na maneno hayo wakati ule, na hata leo sina hakika nayo. Lakini alibadilisha njia: droni ingezunguka juu ya korongo ambako hakulimwi, na wenye mashamba ya karibu wangeombwa waondoke saa hiyo. Alikwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Wote wakakubali isipokuwa mmoja.

"Pale ni kwangu," mama alimwambia. "Hicho kidude ndicho kizunguke."

Ijumaa jioni nilimfuata alipokuwa anafunga matenga. "Mama, kesho usiende shamba. Nakuomba." Niliyasema yale maneno vibaya.

Alifunga kamba, akaikaza, akanitazama. "Sasa umeniambia," akasema, na uso wake ukalegea. Jumamosi alfajiri akachukua matenga akaenda shamba.

Siku hiyo hakukuwa na ukungu hata kidogo. Kutoka kiwanjani nilimwona, kitambaa kipya cha bluu, ameinama katikati ya matuta, peke yake kwenye mteremko mzima. Mwalimu alimwona pia, akaguna, akaniuliza kama tuache. Nilitaka sana kusema tuache. Nikatazama ule upana wa korongo, nikatazama kitambaa cha bluu, nikaipandisha.

Ilikuwa katikati ya bonde niliposikia viatu vya kanisani kwenye changarawe nyuma yangu. Kisha kikohozi. Vilikaribia, vikasimama. Sijui kama nitaweza kueleza jinsi mwili unavyoweza kugawanyika. Magoti yalianza kushuka yenyewe. Nilishuka kidogo, nikajizuia, nikabaki nimechuchumaa nusu na droni hewani, jasho linaingia machoni. Mkubwa wangu amesimama nyuma, sijamsalimia. Kila sekunde niliyokaa kimya ilikuwa ni tusi, na mimi nilikuwa namtukana aliyenilea mbele ya majaji na mwalimu. Ningesema shikamoo kwa mdomo mtupu, lakini nilijijua. Shikamoo ikitoka, na mikono itatoka. Mama alikuwa kule chini. Niliuma ulimi mpaka nikasikia chumvi.

"Kulia," mwangalizi akasema. "Kulia tena. Iko juu ya korongo. Iko sawa." Droni ikazunguka mbali na lile shamba, mbali kabisa, ikapanda, ikaanza kushuka kuelekea uani. Muuguzi alipunga shuka jeupe. Fundi akachukua darubini, akahesabu mota zikizima, moja, mbili, tatu, na ya nne ikachelewa kama kawaida yake, ikazima.

Ndipo nilipoiweka rimoti chini. Niligeuka nikiwa nimeshapiga goti, nimeinamisha kichwa, na nilipokiinua niliona mgongo. Bibi alikuwa amesimama ameelekea ukuta wa darasa, karibu pua iuguse, amefungua mwavuli na kuulaza nyuma ya bega ili mtu asimwone hata kisogo. Alikuwa amenipa mgongo ili nisiwe na wa kumsalimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akauambia ukuta. "Kimeshatua? Naweza kugeuka?"

Nilitazama kwanza ng'ambo. Mama alikuwa amesimama wima kati ya karoti, mkono juu ya macho, anatutafuta. Ndipo nikamwambia bibi ageuke.